Silki, Moja

Katika karatasi ya shangazi Ravdna,
iliyokunjwa ndani ya kopo la kahawa,
mstari wa tano ulisema kwa Kisami: silki, moja.
Basi. Hakuandika ni ya nani.

Mezani zilitandazwa shali tano,
matamvua yakining'inia hadi magotini mwao,
na nje mto wa Karasjok ulikuwa bado umelala chini ya barafu.
Aprili hiyo. Msiulize habari za maua.

Ylva, aliyeendesha gari usiku kucha kutoka Kiruna,
akaishika ile ya waridi: "Ndiyo hii. Siden."
Solbjørg wa Alta akainua uso: "Tangu lini?"
Maana kwa Kiswidi siden ni kitambaa,
na kwa Kinorwei ni tangu, ni zamani zile,
ni mlango wa uani anaoupitia mtu akikumbuka.
Mmoja alitaja nguo, mwenziwe akasikia miaka.
Wakacheka. Halafu hawakucheka.

"Uzi ni silke," Ylva akasahihisha, "ukishafumwa ndiyo siden."
"Kwetu ni silke mpaka ichakae."

Aune wa Inari alikuwa akitumbukiza jibini kikombeni.
"Silkki," akasema. "K mbili, uzigonge kama kokwa.
Ila ukitaka kusema rangi ya hariri, bei ya hariri,
k moja inadondoka: silkin.
Ndivyo kilivyo Kifini. Kitu kikishakuwa na chake, kinapungua."
Hakuna aliyemjibu.
Wenye mirathi hesabu hiyo waliijua.

Wanasema neno lilikuja kwa miguu kutoka mashariki,
kinywa hadi kinywa, soko hadi soko,
na mahali fulani njiani ulimi wa mtu ukaishindwa r,
akaweka l, akaendelea na bei yake
(nasi tuliokua na majirani wa "halili" tusimcheke)
kosa lake likaja kuvaliwa na wafalme.
Mdudu mwenyewe huko kaskazini hawakumwona,
wala mforsadi hauoti penye kulungu wa theluji.
Jina lilitangulia, nguo ikafuata,
kama mtoto anayeitwa kwa jina la babu asiyemjua.

Jioni ilifika ikakataa kuwa usiku.
Solbjørg akanyofoa uzi mmoja kila shali,
akawasha kiberiti.
Ya waridi ikayeyuka, ikabaki shanga nyeusi: plastiki.
Ya buluu, plastiki.
Ile ya harusi, ambayo Ravdna aliibana kwa bizimu la fedha
akipita mbele ya kanisa kwa mwendo wa mtu anayedaiwa na asiyejali,
plastiki, na harufu ya tairi.
Ya nne. Ya tano.
Ylva akazikusanya shanga zile kwa kidole,
akazipanga ukingoni mwa sahani.

Ndipo Aune akanyoosha mkono kumimina kahawa.

Birika lilikuwa limevikwa kitambaa,
rangi ya chai iliyosahaulika,
kimeungua pembeni, kimetoboka, kinanuka nyumba.
Mchana kutwa walikuwa wakikishika
wakigombana.

Uzi wake haukuyeyuka.
Ulijikunja, ukatambaa kidogo kama wenye uhai,
ukawa majivu, na chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua:
shangazi na koleo lake la moto, asubuhi ya Pasaka,
kengele imeshalia, naye anafoka,
"Watangoja! Mungu hana haraka na mwenye nywele hizi!"

"Siden," Ylva akasema, kwa sauti ya chini,
na safari hii Solbjørg hakuuliza tangu lini.

Aune akachukua kalamu ya risasi, akahariri hariri:
mbele ya moja akaandika, ya birika.
Hawakuamua zaidi ya hapo.
Kahawa, bila vazi lake,
ilikuwa imeanza kupoa.